Dawa Iliyokwama Kivukoni

Juma hili nataka kulipa deni. Si deni la fedha, ni deni la jibu, na anayenidai ni mama mmoja wa Nyarugusu, Mkoa wa Geita, ambaye hata jina lake sikumwuliza.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 nilikuwa safarini kutoka Geita kwenda Mwanza. Basi letu lilipofika Busisi tulikuta foleni ndefu ya malori, na feri ndiyo kwanza ilikuwa imeondoka kuelekea Kigongo. Wenyeji wa kanda hii mnakumbuka hali ilivyokuwa siku zile. Unashuka, unanunua hindi la kuchoma, unatafuta kivuli, unangoja zamu yako. Jirani yangu kivulini alikuwa mama huyo, na mwanawe wa miaka kama tisa amemlalia mapajani. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano, na kila mara aliishika miguu yake akiuma meno. Mama alikuwa akimpeleka Bugando. Mumewe, aliniambia, alibaki nyumbani akifanya kazi kwenye maduara ya dhahabu.

Sauti yangu ilinisaliti. "Shikamoo mzee," akaniambia. "Wewe si yule wa redioni?"

"Marahaba, mama. Ndiye mimi."

"Basi nikuulize. Mlitangaza kwamba huko Ulaya imepatikana dawa ya kumaliza kabisa ugonjwa huu wa mtoto wangu, selimundu. Mbona huku haifiki?"

Nikamjibu kama tunavyojibu watu tusiotaka kufikiri. Nikasema, "Ni ghali mno, mama."

Akayatazama maji ya ziwa, kisha akanigeukia. "Ghali kwa nini? Imetengenezwa kwa dhahabu?"

Sikuwa na jibu. Feri ikafika, tukapanda, tukaachana Mwanza. Tangu mwezi Juni mwaka 2025 hapo Kigongo na Busisi pana daraja la urefu wa kilometa 3, na anayempeleka mgonjwa Bugando haingoji tena feri. Lakini swali la yule mama halikuondoka pamoja na foleni. Nimelisomea, nimewauliza wataalamu, na leo naleta nilichokipata. Kwa ufupi ni hiki: dawa ile haikutengenezwa kwa dhahabu, bali imekwama kivukoni. Kivuko chenyewe ni chembamba kiasi kwamba hakionekani kwa macho, maana ni utando unaoizunguka kila chembe hai ya mwili wa mwanadamu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo hemoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Protini ni kama uzi wa shanga uliokunjwa. Mpangilio wa shanga ndio unaoamua uzi utakunjika vipi, na mkunjo ndio unaoamua protini itafanya kazi gani. Hemoglobini ina nyuzi za aina mbili, na mmoja wao una shanga 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, shanga ya 6 katika uzi huo si ile inayotakiwa. Ni shanga moja tu. Lakini kwa sababu yake, hemoglobini ikishatoa hewa yake hushikana na kuwa vijiti vigumu, na chembe nyekundu iliyokuwa laini na ya duara hupinda kama mundu. Ndiyo maana ya jina selimundu. Chembe iliyopinda hukwama katika mishipa midogo, na palipokwama hapapati hewa. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku kucha. Tena chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120, lakini hizi zilizopinda huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Ndipo unapoona macho ya manjano na upungufu wa damu usiokwisha.

Watu wetu waliufahamu ugonjwa huu kwa mateso yake kabla daktari yeyote hajauandika. Maandishi ya kwanza ya kitaalamu yalitolewa Chicago mwaka 1910 na daktari James Herrick. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba kasoro imo ndani ya hemoglobini, na mwaka 1956 Vernon Ingram akaanza kuifuatilia hadi kwenye shanga yenyewe. Lakini aliyeeleza kwa nini ugonjwa huu umejaa kwetu ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Aliona kwamba wanaobeba chembe za ugonjwa ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache milimani kwenye baridi. Mwaka 1954 akatoa sababu: mtu aliyerithi kasoro hii kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mbu ndiye aliyeitunza kasoro hii katika damu zetu kwa karne nyingi.

Kwa hiyo msishangae kwamba Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi. Watoto wachanga walipopimwa katika Hospitali ya Bugando, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba zaidi ya mmoja katika mia alizaliwa na ugonjwa, na karibu mmoja katika watano alibeba kasoro kutoka kwa mzazi mmoja. Nchi nzima, watoto wanaozaliwa na selimundu wanakadiriwa kufika 11,000 au zaidi kila mwaka. Mume na mke ambao kila mmoja amebeba kasoro hii wanaweza kuwa na afya njema kabisa, wala wasijue lolote. Lakini kila ujauzito wao una nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Si laana, si jicho la jirani, wala si kosa la mama.

Sasa tuje kwenye dawa. Mtoto mwenye selimundu haumwi akiwa mchanga, dalili huanza anapokaribia miezi sita. Sababu ni kwamba tumboni mwa mama mtoto hutumia hemoglobini nyingine, ya kitoto, isiyo na kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa mwili huifunga ile ya kitoto na kufungua ya utu uzima. Wataalamu wakajiuliza: je, tukiweza kuifungua tena ile iliyofungwa?

Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha chombo kinachofaa kwa kazi za namna hiyo, na mwaka 2020 wakatunukiwa Nishani ya Nobel. Chombo chenyewe ni protini iitwayo Cas9. Bakteria mmoja anayesababisha maumivu ya koo huitumia kuwakatakata virusi wanaomvamia. Protini hii ukiipa kipande kidogo cha maelekezo, huenda moja kwa moja mahali ulipotaja katika vinasaba na kukata hapo. Nitamwita fundi. Fundi huyu akifika kwenye chembe za uloto, mahali damu inapotengenezwa, akakata swichi inayoifunga hemoglobini ya kitoto, basi swichi haifanyi kazi tena na mwili huanza kutengeneza damu nzuri. Fundi yupo, anaijua kazi yake, na anwani anayo. Kilichobaki ni kumfikisha.

Na hapo ndipo penye kivuko. Chembe hai imezungukwa na utando wa mafuta. Unene wake ni mdogo ajabu: chukua milimita moja, igawanye mara laki mbili, umepata unene wa utando huo. Lakini kwa protini, huo ni kama Ghuba ya Mwanza kwa mtu asiyejua kuogelea. Protini inapenda maji, utando ni mafuta, na mafuta na maji hayaelewani. Tena fundi wetu ni mkubwa. Insulini, dawa ya kisukari, nayo ni protini, na ina shanga 51 tu. Cas9 ina shanga 1,368.

Pengine msikilizaji utauliza: mbona insulini inafanya kazi tangu wagonjwa wa kwanza walipodungwa Toronto mwaka 1922? Ni kwa sababu insulini haihitaji kuingia ndani. Inafika mlangoni, inabisha hodi, na chembe yenyewe inafungua njia ya kupitisha sukari. Dawa nyingi za protini tulizo nazo leo ni za namna hiyo. Zinafanya kazi nje, katika damu au mlangoni pa chembe. Fundi wetu hawezi kubisha hodi akaondoka, maana vinasaba viko ndani, katika chumba cha ndani kabisa.

Ajabu ni kwamba sumu hupita bila shida. Nendeni Rwamagasa au Nyarugusu, mtamwona mchimbaji amechota mchanga uliosagwa kwenye karasha, ameuchanganya na zebaki, kisha anaichoma ile tonge juu ya jiko la mkaa ili ibaki dhahabu. Mvuke wa zebaki huyeyuka katika mafuta. Akiuvuta, karibu nane katika kumi ya mvuke huo hubaki mwilini, unapita utando wa mapafu, unaingia kwenye damu, unafika hata kwenye ubongo, na hakuna anayeusimamisha. Baba anaivuta zebaki duarani na inapita, mtoto anasubiri dawa nyumbani na dawa haipiti. Hakuna aliyepanga dhuluma hiyo. Ndiyo tabia ya mafuta: hupitisha kilicho kidogo kinachopatana nayo, na hukizuia kilicho kikubwa kinachopenda maji.

Sasa wenzetu wamefanya nini? Njia iliyofanikiwa hadi leo ni ya umeme. Ukizitia chembe hai katika maji maalumu na kuzipiga kwa umeme wa muda mfupi sana, utando hutoboka vitundu vidogo, fundi anaingia, kisha vitundu vinajifunga. Wataalamu wamekuwa wakiingiza vinasaba kwa umeme namna hiyo tangu mwaka 1982. Lakini huwezi kuupiga uloto kwa umeme ukiwa ndani ya mifupa ya mtoto. Lazima chembe zitolewe nje. Basi mgonjwa huunganishwa na mashine inayochuja damu yake na kukusanya chembe shina, yaani zile chembe mama zinazozaa damu yote. Hupelekwa kiwandani. Huko hupigwa umeme, fundi huingia na kufanya kazi yake, halafu chembe hukaguliwa na kugandishwa kwa baridi kali. Kazi hiyo huchukua miezi. Kisha mgonjwa hulazwa, hupewa dawa kali ya kuuangamiza uloto wa zamani ili upatikane wasaa wa uloto mpya, na kwa majuma kadhaa hana kinga ya maradhi. Dawa hiyo kali yaweza hata kumnyima uwezo wa kuzaa. Ndipo anaporudishiwa chembe zake.

Tiba hiyo, iitwayo Casgevy, ilikubaliwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba mwaka huohuo. Ndiyo ile tuliyoitangaza. Na kweli inafanya kazi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 29 kati ya 30 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila kupata shambulio kali la maumivu. Bei iliyowekwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Hili ndilo nililopaswa kumweleza yule mama. Sisemi kwamba fedha yote hiyo ni gharama ya kuvusha. Kampuni nayo inataka faida yake, na fedha za utafiti zirudi. Lakini tazameni kazi yenyewe: mashine ya kuchuja, kiwanda, ukaguzi, ugandishaji, miezi ya kungoja, majuma ya kulazwa katika chumba kisichoingiwa na vijidudu. Karibu yote hayo yapo kwa sababu moja tu, kwamba fundi hawezi kuvuka utando chembe zikiwa zimebaki mwilini. Ni kama kumhamisha mgonjwa, nyumba yake na shamba lake kwa sababu tu gari la wagonjwa halina daraja la kupita.

Kwa hiyo ukisikia wataalamu wa mbali wanahangaika jinsi ya kuingiza protini katika chembe hai, usiseme hayo ni mambo ya matajiri. Wanajenga daraja, na sisi wa upande huu wa maji ndio wenye haja nalo zaidi. Zaidi ya robo tatu ya watoto wanaozaliwa na selimundu duniani huzaliwa Afrika kusini mwa Sahara.

Nitaje madaraja machache yanayojaribiwa. La kwanza limeibwa kwa adui. Mwaka 1988 watafiti waligundua kwamba protini moja ya virusi vya UKIMWI, iitwayo Tat, ina uwezo wa kuingia yenyewe katika chembe hai. Kipande kifupi cha protini hiyo, kisicho na madhara ya virusi, kikibandikwa kwenye dawa, dawa nayo huvutwa ndani. Tatizo ni kwamba mara nyingi chembe huimeza dawa hiyo ndani ya kimfuko, na kimfuko hicho ni kama tumbo: kilichomo husagwa. Umevuka maji, lakini umefungiwa ghalani. Wanaofuata njia hii wamehangaika miaka mingi na swali moja, namna ya kutoroka mfukoni kabla ya kusagwa.

Daraja la pili ni vifurushi vidogo vya mafuta. Kwa kuwa utando ni mafuta, mfungie msafiri katika mafuta, naye atapokewa kama ndugu. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilisafiri hivyo. Hata hivyo vifurushi hivi navyo humezwa katika vimfuko, na vinavyofanikiwa kutoroka hukadiriwa kuwa vichache tu katika kila mia. Tena mara nyingi mzigo unaopakiwa si fundi mwenyewe, bali ni maelekezo ya kumtengeneza, na chembe ikishayapokea humtengeneza fundi yenyewe. Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia, Marekani, walitangaza kwamba wamemtibu hivyo mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa nadra wa ini. Alidungwa tu sindano za mshipani. Hakutolewa chembe, wala hakuuliwa uloto.

Kwa nini basi selimundu isitibiwe hivyohivyo kesho? Kwa sababu vifurushi vya mafuta vikiingia mwilini hukimbilia kwenye ini, na sisi tunataka viende kwenye uloto. Ni kama barua zote za mkoa kuishia posta moja. Lakini kuna dalili njema. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia waliweka juu ya vifurushi hivyo kingamwili inayozitambua chembe shina za uloto, na kwa panya vifurushi vilifika mahali pake. Kutoka panya hadi mtoto wa Geita ni mwendo mrefu, lakini sasa mwendo huo una njia inayoonekana.

Daraja la tatu ni maganda matupu ya virusi. Virusi ni mabingwa wa kuvuka utando. Mwaka 2022 wanasayansi wa maabara ya David Liu, Marekani, walitengeneza maganda yasiyo na vinasaba vya virusi, wakapakia humo protini zenyewe za kurekebisha vinasaba, na wakawarudishia kiasi cha kuona panya waliozaliwa vipofu. La nne linanifurahisha zaidi. Kuna bakteria wanaoishi pamoja na minyoo wanaoshambulia wadudu, nao wana kitu kama bomba la sindano la kudungia sumu katika chembe za mdudu. Mwaka 2023 maabara ya Feng Zhang ilibadili ncha ya bomba hilo lishike chembe za binadamu, ikatoa sumu, ikaweka protini ya kazi. Wadudu wanaoozea shambani wametufundisha namna ya kumtibu mtu.

Wasikilizaji wapenzi, nisije nikawaacheni mkitazama upande wa pili wa maji tu. Wakati daraja linajengwa, mtumbwi upo, na tusipoutumia ni sisi wenye makosa.

Mtumbwi huo ni dawa iitwayo haidroksiyurea. Nayo huongeza hemoglobini ile ile ya kitoto. Tofauti ni kwamba Cas9 ina uzito unaoizidi dawa hii zaidi ya mara 2,000. Kwa udogo wake haidroksiyurea humezwa kwa mdomo na kuingia katika chembe bila umeme, bila kifurushi, bila kiwanda. Haiponyi moja kwa moja, humezwa kila siku, na damu ya anayeitumia hupimwa mara kwa mara. Lakini ilipojaribiwa kwa watoto wapatao 600 katika miji minne ya Afrika, ikiwemo Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, matokeo yaliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba mashambulio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ilipungua kwa karibu nusu, na vifo navyo vilipungua. Kabla ya hapo wengi waliogopa kwamba katika nchi ya malaria dawa hii ingeleta madhara. Jibu lilipatikana hapahapa Afrika Mashariki na jirani zake, kwa damu ya watoto wetu wenyewe.

Pamoja na dawa hiyo kuna penisilini ya kumkinga mtoto mdogo, kuna chanjo ya nimonia iliyomo katika ratiba ya watoto wote, kuna chandarua, kuna maji ya kunywa ya kutosha. Na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, kwa wale wenye ndugu wa damu anayelingana nao. Lakini yote haya yana mlango mmoja: mtoto ajulikane mapema. Mtoto anayepimwa akiwa mchanga huanzishiwa kinga kabla shambulio la kwanza halijamfika. Asiyepimwa huitwa mtoto dhaifu, huchanjwa chale, hupelekwa huku na huko, na wengine huzikwa kabla jina la ugonjwa wao halijatajwa nyumbani.

Ndugu yangu mmoja kule Shinyanga alizika watoto wawili namna hiyo kabla wa tatu hajapimwa. Zahanati waliyokuwa wakienda iliwapa dawa za malaria kila safari. Sindano moja ndogo kisiginoni ingetosha kusema ukweli. Wa tatu yu hai, yuko sekondari, anameza haidroksiyurea kila asubuhi, na anapiga mpira, ingawa kocha amefundishwa kumruhusu anywe maji wakati wowote. Kwa hiyo ninapozungumzia kivuko sizungumzii utando wa chembe peke yake. Kipimo kisichofika zahanati nacho kimekwama kivukoni. Kidonge kilichopo Mwanza lakini hakipo Nyarugusu nacho kimekwama. Wenzetu wa maabara wakifaulu kesho kuipunguza tiba ile hadi iwe sindano moja ya mshipani, bado itahitaji mtoto aliyepimwa, kadi yenye jina lake, na muuguzi anayejua amtafute wapi. Mambo hayo hatuhitaji kumngoja mtu yeyote wa ng'ambo atufanyie.

Basi mama wa Nyarugusu, kama unanisikiliza, pokea jibu lako pamoja na radhi zangu kwa kukucheleweshea. Dawa ile haikutengenezwa kwa dhahabu. Fundi wa kuirekebisha damu ya mwanao amekwisha kupatikana, na kwa sasa njia ya kumvusha ndiyo inayokula fedha. Wapo wanaojenga daraja, na kazi inasonga. Wewe mpe kijana dawa yake kila siku, usiruke kliniki, mpime na mdogo wake, na mwambie baba yao asiichome zebaki karibu na nyumba mnayolala. Tunataka daraja likikamilika, mwanao awe upande huu, mzima, akingoja kuvuka.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.